Kesi ya Chai Sebuleni kwa Fundi Salum

Baba,

Shikamoo. Mama amenichoka. Anasema tangu Jumatatu nimemsimulia mambo haya haya akikaanga samaki, akifua, hata akiwa katikati ya rozari, na kama yupo mtu mwingine anayepaswa kuyasikia basi nimwandikie huyo, yeye aachwe apumue. Nikamwuliza mtu huyo ni nani. Akanyanyua kidevu tu kuelekea upande wa Butiama, kule tulikokulaza. Kwa hiyo nimekaa barazani hapa Kamunyonge na kalamu ya kuazima, nakuandikia.

Nianze na lile ambalo ungelikataa. Televisheni imefika mtaa wa Kitaji. Imefika kwa Fundi Salum, mshonaji wako, aliyekushonea lile koti la kijivu la kwendea mahakamani. Aliileta kutoka Mwanza kwa basi, kaifunika blanketi na kuipakata njia nzima, na abiria wenzake wakawa wanampa pole ya mgonjwa. Sasa inakaa sebuleni kwake juu ya meza ya kukatia nguo, imevalishwa kitambaa cha kufuma, na nje kumesimikwa mti mrefu wenye antena ambayo Fundi ameiongezea mfuniko wa sufuria. Picha ikianza kuyumba, binti yake Rukia anatoka kuuzungusha mti, na sisi ndani tunapiga kelele: "Hapo! Hapo hapo! Aa, umepitisha!" Mtaa mzima unajua picha imeshika au haijashika.

Wewe uliishia kwenye redio. Nakumbuka ile miaka ya foleni, betri zilipoadimika, ulivyokuwa unazianika juu ya bati ili zipate nguvu ya taarifa ya habari ya jioni, na ole wake atakayezigusa. Siku hizi betri zimejaa madukani, za kila rangi, na sabuni za kunukia, na mitumba ya kuchagua mpaka unachoka, na mimi mwenyewe nina saluni yenye kioo kirefu hapo hapo Kitaji. Lakini nikiziona betri zimepangwa dukani, nalia pale pale. Najua betri si kitu cha kumlilia mtu. Ndivyo ilivyo, Baba, sina la kufanya.

Jambo la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Kata ilipeleka jina langu mahakamani, nikae kwenye kiti chako. Mzee wa baraza, mimi, Nyabise, kitinda mimba wako! Hakimu mpya, kijana mpole mwenye miwani, aliniita akanieleza taratibu kana kwamba sijawahi kusikia: mahakama ya mwanzo haimwachii hakimu aamue peke yake, anakaa na wazee wawili, na kura ya kila mmoja wao ni sawa na yake. Nikaitikia ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa, huku nakuona wewe unavaa koti asubuhi na Mama anakutoa nyuzi mabegani. Kisha akasema hajalipitisha jina langu bado, kwa sababu yule mzee mwingine ana neno.

Mzee mwingine ni Mzee Chacha. Yule yule. Yule uliyekaa naye miaka yote ile, ukawa unarudi nyumbani, unavua koti, unasema, "Chacha ana meno yake yote," halafu unashusha pumzi. Hatukujua maana yake. Tulidhani unamwonea wivu, maana yako yalikuwa yameshaanza kukuaga.

Neno lake lilikuwa fupi. "Msusi hanaga siri." Kwamba mwanamke akikalishwa chini na kichwa chake kikishikwa husema hata asiyoulizwa, na anayemshika kichwa huyabeba yote akayamwaga kwa anayefuata. "Kesi ya mtu leo, kesho iko kwenye vitana."

Iliniuma. Iliniuma kwa sababu kiti kile nilikuwa nakitaka, na sikuwahi kumwambia mtu. Nilikitaka tangu kesi ya sukari.

Unaikumbuka. Sukari ya mgao, Mama aliipangia foleni tangu alfajiri, akaitia kwenye kopo la maziwa na kuliweka juu ya kabati. Kesho yake kopo likakutwa limepungua, na katikati kuna alama ya kidole. Ukatukusanya mkekani, kaka zangu, Dada Bhoke na mimi, ukafungua mahakama. Ukasema lile neno lako la siku zote: "Mdogo aanze." Ulikuwa ukituambia kwamba mkubwa akitangulia kusema, wadogo wanabaki na kazi ya kuitikia tu, na anayetaka kuusikia ukweli lazima ampe mdogo nafasi ya kwanza huku mwenyewe kafunga mdomo. Na ili mdomo wako ufungike kweli, ulikuwa unautia pipi kifua, unaimung'unya polepole mpaka wote tumalize.

Nilikuwa sijaanza hata shule. Nikakutazama usoni, nikasema, "Baba." Kwa sababu sukari ilikuwa kwenye masharubu yako. Kaka zangu wakaziba midomo. Wewe ukanyamaza na pipi yako, ukamgeukia Dada Bhoke, ukawageukia kaka, na wote, kwa kuwa mimi nimeshatangulia, wakapata nguvu wakasema Baba. Ukasimama, ukajitia hatiani mwenyewe, ukajihukumu kunywa uji usio na sukari hadi mgao mwingine, na kuosha vyombo siku ile. Mwanamume wa Butiama akaosha masufuria uani mchana kweupe, na majirani wakipita wanauliza kama mkeo anaumwa. Nilikutazama nikajua kazi yako ni nini, kabla sijajua kusoma.

Sasa turudi kwa Fundi Salum. Jumamosi moja, alipotoka kuswali magharibi, alitangaza kwamba jioni hiyo unaanza mchezo mpya wa mahakamani, na kwamba wenye roho nyepesi wabaki majumbani. Hakuna njia bora ya kuijaza nyumba. Walikuja hata wanaosema televisheni ni dhambi. Mama alikuja na kigoda chake, akakiweka mbele kabisa.

Nikupe niliyoyaona kwa mara ya kwanza, kama nilivyoyaona. Mchezo ni mweusi, Baba. Ni mweusi hata kwa macho. Jaji yumo gizani, mshtakiwa yumo gizani, wakili anawasha sigara na hapo ndipo unajua kwamba ana pua. Mvua inanyesha mwanzo hadi mwisho. Fundi Salum akainuka, akazungusha kitufe cha mwanga mpaka kikagoma, akaipiga televisheni kofi la ubavuni, akamtuma Rukia mtini. Rukia alizungusha mpaka tukapata watu wengine kabisa wanacheza mpira, nao wako kwenye jua kali. Tulipowarudia wale wa mahakamani, giza lilikuwa pale pale. Ndipo tukaelewa kwamba wenyewe walitaka liwe hivyo. Fundi hajakubali mpaka leo. Anasema watu wenye uwezo wa kutengeneza mchezo hawawezi kukosa taa.

Tena ulianzia mwishoni. Hatujamjua mtu hata mmoja, kumbe kesi imeshasikilizwa yote na jaji anawauliza wazee wa baraza maoni yao. Watu wakapiga kelele kwamba mkanda umewekwa kinyume. Kidogo kidogo ikaonekana kwamba kila wiki tutarudishwa nyuma kuangalia ilikuwaje. Mshtakiwa ni msichana wa kazi, mdogo tu, anadaiwa kumtilia tajiri wake sumu kwenye chai. Mke wa tajiri analia bila chozi. Wakili wa msichana kalewa. Hakuna mwema hata mmoja mle ndani, hata paka wao nilimshuku.

Yapo niliyoyakataa. Jaji anagonga nyundo mezani, na Mama akaninong'oneza, "Baba yako alikuwaga na nyundo?" Mahakama nzima hakuna anayekohoa, hakuna mtoto anayelia mgongoni, hakuna karani anayetafuta faili. Wewe koti lako lilikuwa linarudi na harufu ya jasho la watu na karatasi za zamani. Wale nguo zao zinaonekana hazinuki kitu.

Lakini pia yapo yaliyonishika. Wanajua kunyamaza. Walimwonyesha yule msichana amesimama kizimbani, hasemi neno, anasugua tu kidole gumba kwenye ukucha, anasugua, anasugua, na sebule nzima ya Kitaji, yenye watu wasiojua kunyamaza hata msibani, ikanyamaza naye. Mama alianza kupangusa macho. Sikujua kama anamlilia msichana au anakulilia wewe, nikamwacha.

Halafu wale wazee wa baraza. Walikuwa watatu. Jaji akamgeukia mkubwa wao, mwenye mvi na fimbo, akamwuliza yeye kwanza. Mzee akasema msichana ana hatia, kwa sauti nzito ya mtu anayefunga lango la zizi. Wa pili akasema anaungana na mzee. Wa tatu alikuwa mwanamke, mdogo kuliko wote, kafunga kitambaa cheupe kichwani. Picha ikamsogelea. Ungeona kabisa kwamba kuna jambo analijua. Mdomo ukafunguka. Akamtazama yule mzee. Mdomo ukafungika, ukafunguka tena, akasema, "Naungana na wenzangu."

Sijui nilisimamaje. Nilisikia tu sauti yangu imejaa chumba: "Mdogo aanze! Mdogo aanze, nyie watu, mnamuua mtoto!" Kigoda cha Mama kikaanguka, mtoto wa jirani akaanza kulia. Fundi Salum, kwa upole wake ule, akaniletea maji kwenye kikombe, akasema, "Nyabise, hawakusikii. Wako Dar es Salaam."

Njiani Mama alicheka mpaka akashika ukuta wa nyumba ya watu. Alikuwa hajacheka hivyo tangu tukuzike, Baba. Bado kila asubuhi anatoa vikombe viwili, anakiangalia cha pili, anakirudisha. Usiku ule alicheka akashindwa hata kufungua mlango wetu, nikamfungulia mimi. Nikasema basi, aibu hii naipokea kwa mikono miwili.

Jumatatu nikafungua saluni na ile kesi bado imenikaa rohoni. Wa kwanza kukaa kitini alikuwa Mama Neema wa Buhare, anasukwa kwa ajili ya harusi huko Bunda. Nikamsuka huku nikimpa yote. Msichana hakuua. Wazee wamekosea. Mwanamke yule alijua jambo akaogopa. Sumu kaiweka mke, mimi simtafuti mwingine. Mama Neema alikuwa anaguna tu, "Mh! Mh!", nami nikafurahi kumpata mtu msikivu. Nilisahau jambo moja: Mama Neema hajawahi kuiona televisheni, na mimi sikuitaja hata mara moja. Kwangu ilikuwa wazi mno kutajwa. Alichosikia yeye ni kwamba Nyabise, yule anayesemwa kuingia mahakamani, anaimwaga kesi ya mauaji pale kitini, na muuaji anamjua.

Akapanda basi la Bunda na misuko yangu kichwani na kesi yangu mdomoni. Harusini ikatiwa chumvi. Ilipomfikia Dada Bhoke nyumbani kwake huko Bunda, mimi nilikuwa nimeshakuwa shahidi. Ilipofika Butiama kwa Baba Mdogo, mimi ndiye niliyeiandaa chai. Alhamisi Dada Bhoke akashuka stendi na kanga mbili, mswaki na mche wa sabuni, vitu vya kumpelekea mtu rumande, akaja mbio saluni akanikuta naosha mtu nywele. Akanikumbatia na mapovu yangu, analia, "Mdogo wangu, wamekuachia?" Baba Mdogo naye alikuwa ametuma neno kwamba ana mbuzi wawili, je, wanatosha dhamana? Sitanii, Baba. Ndugu zako ndivyo walivyo.

Siku ile tulicheka, Mama akakaanga sato, Dada akaniita mfungwa mpaka chakula kikaisha. Ndipo tarishi wa mahakama akapiga hodi. Hakimu ananitaka kesho yake asubuhi. Kicheko kiliishia hapo. Nilielewa kwamba maneno ya Mzee Chacha, ambayo jana yake yalikuwa ya kunionea, sasa yana ushahidi, na ushahidi wenyewe nimeutengeneza mimi kwa mikono hii inayosuka.

Asubuhi nilimkuta Mzee Chacha ameshaketi, mikono juu ya fimbo. Akaanza kabla hakimu hajafungua mdomo. "Nilisema mimi! Msusi hanaga siri. Hata kiti hajakikalia, kesi ya mauaji imeshafika Bunda!" Nikajieleza. Nilikuwa nakiona kiti chako kinaondoka. Nikasema ni mchezo, mheshimiwa, uko kwenye televisheni kwa Fundi Salum, hakuna aliyekufa. Hakimu akauma mdomo asicheke. Mzee Chacha hakuona cha kucheka. Akaniuliza taratibu: "Kesi haipo. Maiti haipo. Na wewe umeshahukumu?"

 

Hakimu akavua miwani, akaifuta, akasema hawezi kuamua jambo kwa kusimuliwa. "Shamba likiwa na mgogoro tunaendaga kuliona," akasema. "Basi na hili tukalione."

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata mahakama ilihamia sebuleni kwa Fundi Salum. Unamjua Fundi. Unakumbuka hata siku ya mazishi yako alikuja Butiama na lile koti lako kalipiga pasi upya, akasema hawezi kukuacha uende na mikunjo. Basi na siku hiyo alipiga pasi kila kilichopigika, mapazia, kitambaa cha televisheni, kanzu yake. Akawapisha wageni kochi, akaleta kahawa na kashata. Rukia alisimama mtini tangu mapema. Sebule ilikuwa kimya, watu wanamwangalia hakimu kuliko televisheni. Mimi nilijibanza kona ya nyuma na upindo wa kanga kati ya meno. Nilijua nikipayuka tena, nimekwisha.

Mzee Chacha alianza kwa kuikagua televisheni upande wa nyuma. Akaigonga kwa kucha. Akarudi, akaketi, akauliza, "Mbona giza?" Fundi Salum akamjibu, "Ndivyo walivyotaka," kwa sauti ya mtu ambaye hajasamehe.

Wiki hiyo tulirudishwa nyuma mpaka kwenye chumba cha wazee wa baraza, kabla hawajatoa maoni yao. Wamekaa mezani, taa moja, mvua dirishani. Yule mwanamke wa kitambaa cheupe anasema ana jambo kuhusu kile kikombe cha chai. Mzee mwenye fimbo anamkatiza. Anaanza tena, anamkatiza tena, safari hii bila kumtazama, anapunga tu mkono kama anafukuza inzi, anasema yeye amekalia kiti kile tangu binti huyo hajazaliwa. Mwanamke akainama, akaanza kukunja karatasi yake.

Nilikuwa nimeiuma kanga mpaka imelowa. Ndipo nikasikia ngurumo, "Mwache aseme!" nikadhani ni mimi, nikataka kujificha. Ni Mzee Chacha. Amesimama, fimbo imeelekezwa kwenye kioo. "Wewe mzee! Mwache mtoto aseme ya kikombe! Kikombe kilikuwaje? Mheshimiwa, huyu mzee anakuwaga na akili kweli?" Hakimu alikuwa anamvuta koti akae. Fundi Salum alishafika na kikombe cha maji. Siku hizi anakaa nacho karibu.

Watu wakaangua kicheko mpaka Rukia huko nje akadhani picha imepotea, akauzungusha mti, na hapo ikapotea kweli. Tukabaki na chenga tupu. Mpaka leo hakuna mtu Kitaji anayejua kikombe kilikuwaje. Wengine walitoka kwenda kumlaumu Rukia, hakimu akacheka mpaka miwani ikamtoka. Mzee Chacha peke yake hakucheka. Alikaa akazitazama zile chenga muda mrefu, fimbo katikati ya magoti. Alipoinuka kuondoka alinipita mlangoni bila kunitazama, akasema, "Jumatatu usichelewe."

Basi Jumatatu ikafika, na hakimu alikuwa ameshalipitisha jina langu. Nilipokuwa naaga, Mama alitoka chumbani na kopo lako la pipi kifua. Sikujua kama alilitunza. Zilikuwa zimebaki chache, zimegandana. Nikamwambia Mama, pale mimi ndiye mdogo, sina haja ya kufungwa mdomo. Akasema, "Beba tu." Nikabeba.

Tukasikiliza kesi. Wa kukohoa walikuwepo, mtoto alilia mgongoni, karani alitafuta faili, nikajisikia niko nyumbani. Tulipomaliza tukaingia chumba cha ndani, hakimu, Mzee Chacha na mimi. Hakimu akauliza maoni yetu huku akimgeukia Mzee Chacha, kama walivyozoea.

Mzee Chacha akavuta pumzi. Nilimwona, kifua kikajaa, midomo ikafunguka. Na mimi nilikuwa na jambo, Baba. Jambo dogo katika maneno ya shahidi mmoja, lililokuwa halijakaa sawa, na hakuna mwingine aliyeonekana kuligundua. Nikajua ile sauti ikitangulia nitalimeza. Mtu aliyekuwa anangoja kule nje maisha yake yangeamuliwa na woga wangu. Nilishaanza kuisikia mdomoni mwangu, "Naungana na wenzangu," imeiva, inasubiri tu kutoka.

Akaishusha pumzi yake. Akaninyooshea kiganja. "Kopo," akasema.

Sikuelewa. "Baba yako alikuwaga nalo. Mama yako hawezi kukuacha uje bila hilo kopo." Nikalitoa mkobani. Akabandua moja kwa ukucha, akaitia mdomoni, akarudisha mikono juu ya fimbo. Na pipi ikigongagonga, akaniambia: "Kila siku alikuwaga ananipa moja. Mimi nikawa naitafuna harakaharaka, ili nianze."

Ana meno yake yote! Sasa nimeelewa, Baba. Miaka yote ile ulikuwa unarudi nyumbani unatuambia, na sisi tulidhani unazungumzia meno. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na hakimu ananingoja.

Nikaanza mimi.  Mzee Chacha hakuitafuna. Niliisikia inazunguka mdomoni mwake polepole, upande huu, upande ule, mpaka nilipomaliza neno la mwisho. Ndipo akasema la kwake, na hakimu la kwake.

Sasa Mama anataka kujua nilisema nini. Dada Bhoke ametuma mtu kuuliza. Fundi Salum aliniletea kashata saluni, akakaa, akazungukazunguka, nikamwona anakokwenda nikazungumzia hali ya hewa. Wote nimewanyima. Lakini wewe nilijua nitakwambia. Ndiyo sababu niliazima kalamu hii, nikwambie kesi ilihusu nini, shahidi alisema nini, na kura zilikwendaje, maana ungefurahi, ungefurahi sana. Nimefika hapa na mkono umekataa. Nisamehe. Siwezi, Baba. Hata wewe.

Krismasi tutakuja wote kusafisha kaburi lako, na Fundi Salum amesema atakuja nasi. Ya kikombe nitakueleza, ikiwa tutakuwa tumeshayajua, kwa kuwa hayo ni ya televisheni na yanasemeka. Ya mahakamani nakuahidi nitayabeba mpaka siku nitakayokuja kulala hapo karibu yako, na hata hapo usiniulize.

Pumzika vizuri. Mama anakusalimu, ingawa hakuniambia niandike hivyo.

Mimi mwanao mdogo, anayeanza,
Nyabise